Karatasi imeungua, deni bado lipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wahubiri, hasa hawa wanaoendesha mikutano ya "kutua mizigo", ambayo tangu Kwaresima imepamba moto huku kwetu Missenyi, mkoani Kagera. Ndugu zangu walioko Mwanza na Dar es Salaam wananiambia huko nako ni hivyo hivyo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mlutheri tangu tumboni mwa mama, na ni mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama. Nakitaja kikoba kwa sababu ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika, mkutano wenyewe uko hivi. Watu wanaanza kujaa uwanjani saa nane mchana. Mapambio, shuhuda, mapambio tena. Jua likianza kushuka mtumishi anapanda jukwaani na kusoma Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Anahubiri, na wengine wao wanahubiri vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Kisha wasaidizi wanapita na vipande vya karatasi na kalamu za kuazimana. Kila mtu anaandika mzigo wake, anakunja, anatia kwenye bahasha pamoja na sadaka. Mbele kule sadaka inatengwa upande wake na karatasi zinamiminwa kwenye pipa la lita 200 lililokatwa mdomo. Mafuta ya taa, kiberiti, vigelegele. Wapo wanaoanguka na wapo wanaolia machozi ya kweli, sisemi wanaigiza. Moto ukishika, mtumishi anatangaza kwamba mizigo yote imeteketea, na asitokee mtu wa kumkumbusha mwenzake yaliyoungua.

Ni hayo maneno ya mwisho yaliyotuletea balaa.

Kikoba chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyewahi kuligusa. Fedha zilipotea kabla hazijafika sandukuni. Wanachama walioshindwa kuhudhuria walikuwa wakituma marejesho yao kwa simu kwa mhazini, naye ayalete siku ya kikao. Kwa muda mrefu aliyaleta. Baadaye akawa analeta nusu na kusema mtandao unasumbua. Tulipofika wakati wa kuvunja na kugawana, hesabu ilipungua milioni moja na laki nane na ushee. Wenye pesa kubwa mjini wanaweza kuona ni fedha ya kula chakula cha mchana. Kwetu ni mabati, ni mbolea, ni mtoto kwenda shule. Mhazini alilia, akaomba muda, tukampa.

Basi huyo mhazini, ambaye simtaji jina na kijiji chetu sikitaji, alikuwa uwanjani jioni ile ya pipa. Jumapili iliyofuata tulikutana njiani, uso umemng'aa. "Mwalimu, nimetua mzigo! Hapa unaponiona ni mtu mpya." Nikampongeza. Kisha nikamuuliza, na yale marejesho? Akanitazama kama niliyemtukana kanisani. "Mwalimu, hayo yaliungua."

Sikuamini masikio yangu, lakini mwezi huo huo mtumishi mmoja aliletwa kwenye kikao chetu kutuombea, na baada ya maombi akafundisha kutoka Waebrania 12 juu ya shina la uchungu. Akasema mwenzetu ameshatubu, Mungu ameshafuta, na mwenye kuendelea kudai amejifunga mwenyewe kwa kamba za kutosamehe. "Achilieni, mama zangu. Mioyo safi haina madaftari." Pembeni yangu alikaa fundi cherehani ambaye binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa wa mbali, na fungu lake la kikoba ndilo lililokuwa liwe nauli, godoro na sanduku la shule. Akaambiwa anyanyue mikono na kutamka kwamba ameachilia. Akainyanyua. Akatamka. Nilimwona alivyokuwa akitetemeka kidevu. Aliingia kwenye kile kikao akiwa na shida moja, ya fedha. Alitoka na mbili, kwa sababu sasa anajiona mwenye dhambi kila anapokumbuka kuwa anadai.

Hapo ndipo ninapogombana na mahubiri haya. Aliyeiba anaambiwa umefunguliwa, nenda kwa amani. Aliyeibiwa ndiye anayeambiwa achilia, jitakase, toa uchungu. Mzigo haukuungua hata kidogo, umehamishwa kutoka kichwa cha mwenye kosa ukatwikwa kichwani mwa mwenye haki.

Huenda nisingelisema kwa ukali namna hii kama nisingelelewa katika nyumba niliyolelewa. Baba yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa karani wa kupokea kahawa katika chama cha msingi cha kijijini, miaka ya 1960. Wenye umri wangu huku Kagera wanaijua kazi hiyo. Mkulima analeta kahawa yake ya maganda aliyoianika juani siku nyingi, akiiingiza ndani kila mvua inapotishia. Karani anatia mkono katikati ya gunia, anachota, anatikisa kiganjani karibu na sikio. Ikilia, imekauka. Sikio la baba lilikuwa na ugonjwa wake: kahawa za wajane na wazee wasiojua kusoma hazikumlilia. "Ina unyevu," anasema, na anamkata mtu kilo mbili kwenye stakabadhi. Mizani inasoma kamili, kwa hiyo zile kilo mbili zipo, na zinaandikwa jina la binamu yake. Kahawa ya mkubwa wa tarafa haikuwahi kuwa na unyevu.

Nikiwa darasa la tatu, baba aliokoka. Alisimama katika ushirika wa ndugu, nyumbani kwa mzee mmoja, siku ya Ijumaa jioni, akaungama habari ya mizani. Mama alinisimulia mara nyingi kilichofuata. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemwekea mikono. Mzee wa ushirika alimuuliza swali moja, "Kilo ngapi?"

Baba akasema hajui, ni miaka mingi. Mzee akamwambia, nenda kahesabu.

Ndipo usiku wetu ukageuka kuwa ofisi. Baba alikuwa ameweka vishina vya vitabu vya stakabadhi kwenye debe chini ya kitanda. Kibatari mezani, anasoma jina na kilo, nami niliyekuwa na mwandiko mzuri naandika kwenye daftari la shule. Sikuelewa tunaandika nini. Nilifurahi tu kusifiwa mwandiko. Baadaye ukazuka mjadala katika ushirika, maana baba alitaka kurudisha mara nne kama Zakayo katika Luka 19:8. Wazee wakacheka, wakamwambia ukilipa mara nne utabaki na mke na Biblia. Wakamfungulia Walawi sura ya 6, pale sheria inapomwagiza aliyedhulumu arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, ndipo apeleke sadaka yake kwa kuhani. Wakakubaliana juu ya sehemu ya tano. Kwa kila shilingi kumi, mbili juu.

Aliuza ng'ombe na kipande cha kibanja kilichokuwa karibu na barabara. Mama hakufurahi, na sitamsingizia utakatifu ambao hakuwa nao siku zile. Alisema waliokula zile kilo ni ukoo mzima wa baba, sasa wanaolipa ni watoto wake. Alikuwa na hoja.

Kisha baba akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Wapo waliocheka. Yupo aliyepokea na kudai kwamba hesabu yake ni kubwa kuliko hiyo, na baba akamwongeza bila kubishana. Jirani yetu Mwislamu alizipokea fedha, akamkalisha, akamwambia kwao pia toba ya haki za watu haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe, na kwamba leo ndiyo ameamini kuwa Walokole si watu wa kelele tu. Baba alipenda kulirudia hilo mpaka uzeeni.

Lakini ninayetaka kumzungumzia ni mjane mmoja wa upande wa ziwani. Mwaka ambao kahawa yake ilikuwa na "unyevu" zaidi ni mwaka ambao mwanawe alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na hakurudi tena shuleni. Baba alipiga magoti uani, akasema yote, akaweka fedha juu ya mkeka. Bibi akazihesabu, akazihesabu tena. Akasema, "Fedha nimepokea. Hilo lingine sikupi leo."

Ndugu kijana aliyekuwa amemsindikiza baba akaingilia kwa upole, akamwambia, bibi, samehe ili uwe huru. Mzee wa ushirika, ambaye naye alikuwepo, akamkata kauli. "Nyamaza. Wewe ndiye uliyeibiwa?"

Naomba watumishi wetu wa leo walisome swali hilo taratibu. Mzee yule alikuwa Mkristo, na aliamini kusamehe kuliko sisi wengi. Alichokataa ni mtu wa tatu kujifanya msemaji wa msamaha ambao si wake. Baba aliondoka bila msamaha wa bibi. Kila msimu tangu hapo alikwenda kumtandazia nyasi kwenye migomba yake, hakuomba neno lolote. Ilipita miaka. Msimu mmoja wa senene, wale wadudu wa kuliwa, bibi alimtuma mjukuu wake na kikapu cha senene waliokwisha kukaangwa. Hakuna salamu wala ujumbe. Anayetoka Kagera ataelewa bila kufafanuliwa.

Sasa wapo vijana watakaosema hii ni dini ya kizamani ya wazee wa Bukoba. Ni ya kizamani kweli, na ni vizuri wajue imetoka wapi. Mwaka 1929 Simeon Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu, jambo ambalo enzi zile lilikuwa la ajabu lenyewe. Daktari alikuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Huko, katika miaka ya 1930, watu walianza kusimama na kuungama: dawa zilizoibwa hospitalini, chuki kati ya watumishi, dharau za wamisionari kwa wenyeji. Uamsho huo wa Afrika Mashariki ukatapakaa Kigezi na Buganda kule Uganda, Burundi, Kenya, na mwishoni mwa muongo ule ukafika kwetu Bukoba. Walikuwa na maneno yao ambayo wazee wetu waliyatumia kila siku, "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7. Na popote walipopita lilionekana jambo moja ambalo hata maofisa wa serikali ya kikoloni waliliona kwa mshangao: watu wanarudisha vitu. Majembe, mablanketi, fedha za kodi, vifaa vya hospitali. Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa huku huku Kiziba na akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka ndani ya uamsho huo. Kwa hiyo siongei habari ya kikundi kidogo cha pembeni. Naongea habari ya waliotulea.

Nakubali walikuwa na makosa yao, na mengine yalikuwa makubwa. Wapo walioungama hadharani uzinzi na kumtaja mwanamke kwa jina, mwanamke ambaye hakuwa ameombwa ruhusa, na akaondoka yeye kijijini huku muungamaji akisifiwa kwa ujasiri. Hilo lilikuwa kosa lile lile ninalolilalamikia leo, la kujisafisha kwa gharama ya mwingine. Wapo waliogeuza kuungama kuwa kodi ya kila wiki, mtu anatunga dhambi ili asionekane mkavu. Huko Uganda, kuanzia miaka ya 1970, kundi moja lilijitenga na kufika mahali pa kukataza waumini wake hata kukopa. Kikoba chetu hawangekipenda.

Pamoja na hayo yote, lile swali la "kilo ngapi" lilikuwa na dawa ndani yake ambayo pipa la moto halina. Mtu anayeandika kwenye karatasi "mizigo yangu yote" hajaandika kitu. Karatasi za namna hiyo zinaungua upesi. Baba alipoanza kuhesabu ndipo alipoona sura za watu: huyu kilo sita, huyu kumi na nne, huyu ni mama wa rafiki yangu. Aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba usiku wa tatu au wa nne wa hesabu ile ndipo aliposoma Zaburi 32, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa", akafahamu kwa nini alikuwa haamki salama miaka yote ile. Alikuwa ameokoka tayari, ameimba ule wimbo wa Kiganda wa uamsho, Tukutendereza, pamoja na ndugu, amebatizwa utotoni na kubarikiwa ujanani. Bado ndani palikuwa na kitu kimefungiwa. Kahawa isiyokauka ukiifunga kwenye gunia na kuipanga vizuri ghalani, kwa nje gunia ni gunia, kwa ndani inavunda.

Najua jibu la watumishi, maana nimeshalisikia: mama, unahubiri wokovu wa matendo, damu ya Yesu imetosha. Mimi ni Mlutheri, hilo wasinifundishe. Zakayo hakulipa ndipo Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu aliingia kwanza, kwa mtoza ushuru mwenye mali ya watu bado iko kabatini, na watu wakanung'unika kwa haki kabisa. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia mle ndani, mkono wa Zakayo ukalegea, mali ikaanza kurudi kwa wenyewe. Kama neema imeingia na mali imebaki palepale, naruhusiwa kuuliza ni nani hasa aliyeingia.

Na tukiwa kwenye Ulutheri, kila mwaka tarehe 31 Oktoba tunapiga ngoma kumkumbuka Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517. Aligombana na nini? Na vyeti vya msamaha. Mtu anatoa fedha, anapewa karatasi, anarudi nyumbani akiwa mwepesi, na jirani aliyemdhulumu hajui lolote. Hoja yake ya kwanza kabisa inasema Bwana alipotuita kutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Maisha yote, si jioni moja. Sisi tumeigeuza tu karatasi: wao walikwenda nayo nyumbani, sisi tunaichoma. Sadaka, nimeona, haichomwi.

Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 hakumwambia mtu aliyekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake akaze maombi pale pale. Alimwambia aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza. Hebu fikirini, mkutano mzima, katikati ya kukusanya sadaka, nusu ya watu wanainuka na kuondoka kwenda kugonga milango. Ni mtumishi gani angeruhusu?

Sitaki nieleweke kwamba nawaambia wanaodai wakae na uchungu wao mpaka walipwe senti ya mwisho. Kuna madeni ambayo hayatalipwa, na sisi watu wa Missenyi tunayajua kuliko wengi. Mama yangu mdogo aliolewa Bunazi. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, alikimbia na mtoto mgongoni na sufuria, akavuka mto Kagera kuja ng'ambo hii kabla daraja la Kyaka halijavunjwa. Mume wake alibaki nyuma kufungua ng'ombe. Hakuonekana tena. Vita ilipokwisha mwaka 1979 alirudi akakuta kuta bila mabati, migomba imekatwa, zizi tupu. Anayepita Kyaka leo anaweza kuona magofu ya kanisa. Magofu ya mama mdogo hayaonekani barabarani.

Nani angekuja kupiga magoti uani kwake? Amin alikimbilia uhamishoni na akafia Saudi Arabia mwaka 2003. Askari waliochukua mabati hawajulikani. Kwa miaka mingi mama mdogo aliuza maharage soko la Mutukula, na Mganda akija kununua alikuwa anamwambia yameshauzwa, na huku gunia liko wazi. Hakuna mchungaji aliyemkemea. Nafikiri walimwogopa, au labda walikuwa na hekima. Halafu siku moja, bila mkutano wala kuwekewa mikono, akampimia mama mmoja wa Kiganda debe la maharage na akamwongezea kopo juu. Alitusimulia jioni akiwa anapepeta, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi. Nilipomuuliza kwa nini leo, akasema, "Nimechoka kumtafuta yule katika kila uso."

Hiyo ndiyo kuachilia, na sikumwona mtu yeyote aliyemlazimisha. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye kabla ya uaskofu alifundisha shule huku kwetu Dodoma, alitembea milimani usiku na mkewe kuvuka kwenda Rwanda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda kuuawa na utawala wa Amin tarehe 16 Februari 1977. Mwaka huo huo alitoka hadharani kusema amemsamehe Amin, na kwamba anampenda. Dunia ilishangaa. Lakini angalieni vizuri alichofanya: alisema msamaha wake yeye, kwa kinywa chake, akiwa yeye ndiye aliyefukuzwa na kufiwa. Na hakuacha kueleza huko nje kilichokuwa kinatendeka Uganda. Alisamehe na daftari likabaki wazi. Sioni kwa nini wanawake wa kikoba wanyimwe kile alichoruhusiwa askofu.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ni ya kawaida tu. Watumishi wakitaka kuendelea na pipa, waendelee. Ila kabla ya kuwasha wawaulize watu wale, kuna kitu cha mtu mikononi mwako? Aliye nacho apewe karatasi ya pili, aandike jina la anayemdai, kiasi, na tarehe atakayoanza kurudisha. Hiyo isitiwe motoni. Ashuhudie mchungaji wake au mzee wa kanisa, na akirudisha ndipo apewe nafasi ya kutoa ushuhuda, maana siku hizi ushuhuda unatolewa kabla ya tukio. Pili, mtumishi asimwambie aliyedhulumiwa neno "achilia" kabla hajamwambia aliyedhulumu neno "rudisha". Na asiyeweza kurudisha yote, arudishe kidogo kidogo. Baba hakumaliza kwa mwaka mmoja.

Na wewe Mhariri, gazeti lako hupokea matangazo ya mikutano hii, nami sina ugomvi na hilo, gazeti linahitaji kula. Lakini mwandishi wako akitumwa kuripoti watu waliofunguliwa uwanjani, arudi vijijini baada ya miezi mitatu awatafute waliokuwa wakiwadai hao waliofunguliwa, awaulize nao wanaendeleaje.

Kikoba chetu kimemwandikia mhazini barua. Haina matusi wala vitisho vya polisi. Tumempa utaratibu wa kulipa elfu hamsini kila mwezi, na zaidi kidogo msimu wa kahawa ukifika, bila sehemu ya tano. Fundi cherehani ndiye aliyependekeza iwe bila nyongeza. Binti yake alikwenda shule kwa kuchelewa, kwa mchango wetu. Tunakutana Alhamisi saa kumi jioni. Yule mtumishi aliyetufundisha habari za shina la uchungu nimemwomba aje, safari hii akae upande wa mhazini, amsaidie kuhesabu.

Mwalimu mstaafu,
Kiziba, Missenyi, Kagera